Makofi ya Kilo na Uso wa Mama

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, tumekaa katika holi ya kanisa kule Makadara, picha zangu zimetandazwa mezani, na watu wazima wenye akili zao timamu wananipigia makofi kwa kazi mbovu. Wote walijua ni mbovu. Ni mimi tu ambaye sikujua. Nywele zangu zimekuwa nyeupe sasa, na bado nikisikia makofi ya kupangwa mahali popote, hata harusini, naona heri nitoke nje.

Sikuwa na nia ya kuyafukua haya. Ni Faith aliyenifanya niyafukue. Faith ni binti wa jirani yangu hapa Baba Dogo. Huniita kukhu, yaani nyanya kwa lugha ya kwetu magharibi, ingawa hatuna ukoo. Yuko katika kikundi cha vijana wapiga picha. Wiki nzima wanatumiana picha kwa simu, na Jumamosi wanazunguka mitaani pamoja wakipiga. Juzi alikuja kwangu macho yamevimba. Alikuwa amejitoa kwenye kikundi.

"Kukhu, huyo Brayo ni hater tu," akaniambia. "Nimepost picha ya mama mboga, kila mtu anarusha emoji za moto, moto, moto. Yeye anakuja kusema eti nimemkata mkono. Mbele ya watu wote!"

"Kwani mkono haujakatwa?"

Akanionyesha simu. Mama wa watu anakata sukuma, uso umetulia, mwanga umekaa vizuri shavuni, na mkono wenye kisu umeishia kwenye ukingo wa picha. Kisu hakipo, vidole havipo.

"Umekatika kidogo tu," akasema.

Kidogo tu! Kama kwamba mkono hukatika kidogo. Nilimwekea chai, nikamwambia haya ninayokuambia wewe.

Mimi ni mtoto wa reli. Baba yangu, Mzee Ezekieli, aliletwa Nairobi na kazi hiyo akiwa kijana, nasi tukakulia katika nyumba za wafanyakazi wa reli huko Makadara. Kazi yake si rahisi kumweleza kijana wa siku hizi. Treni ikisimama, yeye alipita kando ya mabehewa na nyundo ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti butu, na behewa hilo haliondoki. Alikuwa akirudi nyumbani masikio yamechoka. Ukimsemesha kabla hajanywa chai, ni heri ungeusemesha ukuta.

Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye aliyeuweka ufunguo wa holi. Huo ufunguo usiusahau, mwanangu, tutaurudia.

Nilipomaliza shule nilirithi kamera ya mjomba wangu, kamera ya filamu, nikaanza kupiga picha za watu: ubatizo, watoto wa nasari wakihitimu, harusi. Mwanamke mwenye kamera shingoni wakati ule alikuwa kioja. Wapiga picha wa mitaa ile hatukuwa wengi, na walikuwa wamejiundia kikundi. Kazi yetu ni ya wikendi, kwa hiyo mkutano ulikuwa Jumatatu. Mwenyekiti aliitwa Absalom, mtu wa maneno matamu, mwenye suti ya kahawia aliyoivaa kama kwamba kuna mtu anakuja kumteua waziri. Nilijiunga nao kwa sababu nilitaka kujifunza. Hilo nalisema wazi, maana wapo waliosema baadaye kwamba nilitaka kusifiwa.

Kikundi kilikuwa na desturi yake. Kila mtu aliweka picha mezani, wenzake wakazitazama, kisha mwenyekiti akauliza, "Tumpe ngapi?" Picha nzuri ilipewa makofi ya kilo, yale ya kupangwa unayoyajua kutoka shuleni. Ya katikati ilipewa nusu. Yenye kasoro ilipewa robo, makofi mawili makavu basi, na aliyetaka robo alipaswa kusimama aeleze kwa nini. Ndiyo ilikuwa sheria: robo ina maelezo, kilo haina.

Naambiwa mwanzoni mizani ile ilikuwa ya haki. Lakini kueleza ni kazi, na kumuudhi mwenzako ni kazi zaidi. Kidogo kidogo robo ikapotea, nusu ikaifuata. Nilipofika mimi kila picha ilikuwa kilo, na zangu zilikuwa kilo na nyongeza. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikutia maji, mwanangu. Mimi nilinyimwa tu habari kwamba tembo limechacha.

Sasa sikiliza kasoro yenyewe, kwa sababu ni ndogo na ndiyo maana inauma. Kamera ni kitu kijinga. Inapima mwanga wa kilicho mbele yake, na ikiona weupe mwingi inadhani dunia nzima inang'aa, inakuelekeza upunguze mwanga. Bibi harusi amevaa gauni jeupe juani: kamera inalitii gauni. Gauni linatoka na kila ua la lesi, na nyuso za watu wetu, nyuso nyeusi nzuri, zinazama gizani. Picha zangu zote za harusi na za ubatizo zilikuwa hivyo. Nguo zilitoka vizuri mno, watu hawakutoka.

Niliona kuna kitu. Sikuwa kipofu. Jumatatu moja nilileta picha za ubatizo, mtoto kwa nguo nyeupe mikononi mwa mama yake, nikauliza, "Lakini sura si zimekuwa nyeusi kidogo?"

Kulikuwa na kijana aliyeitwa Odhiambo, mnyamavu, ambaye picha zake zilikuwa bora kuliko za sisi wote. Akafungua kinywa. "Trufosa, hapo kwa sura..."

Absalom akamkatiza. "Sasa wewe Odhis, sisi si ni watu weusi? Ulitaka sura zitoke za wazungu?"

Holi nzima ikacheka. Nami nikacheka, kwa sababu ilichekesha. Odhiambo akatazama viatu vyake. "Mpeni sista kilo!" akasema Absalom, nikapigiwa. Tulipotoka nilimfuata Odhiambo hadi barabarani, nikamuuliza alitaka kusema nini pale ndani.

"Ah, wacha tu," akasema. "Picha iko poa."

Niliendelea hivyo. Nilipata wateja wa kutosha, maana mteja aliyelipia gauni hufurahi akiliona. Kisha dada yangu Rebeka akaolewa.

Na hapa lazima nikwambie kuhusu mama. Mama yangu alichukia kupigwa picha. Ukiinua kamera aliinua leso, akaziba mdomo, au akakumbuka sufuria jikoni. Kwetu kulikuwa na picha za kila mtu, hata za paka, lakini za mama zilikuwa za mgongo na za leso. Siku ya harusi ya Rebeka, sijui ni nini kilimwingia. Alikuwa na rinda la samawati nzito, kitambaa kimenunuliwa Gikomba, kikashonwa na fundi wa Shauri Moyo aliyempima mara nyingi mpaka baba akaanza kuuliza maswali. Tulipotoka kanisani akaja mwenyewe akasimama kando ya Rebeka, juani, akaishusha leso.

"Haya Trufosa, piga," akasema. "Leo nimevaa."

Akacheka. Si kutabasamu, mwanangu. Alicheka na mwili wote. Nikapiga, na kupiga, na kupiga. Nilijua ninachokiona. Nilijiambia hizi ndizo picha za maisha yangu.

Zilipotoka kusafishwa, gauni la Rebeka ungeweza kulihesabu nyuzi. Kando yake palikuwa na rinda la samawati, na juu ya rinda palikuwa na giza, na ndani ya giza alama ndogo nyeupe pale palipokuwa na meno. Nilishtuka. Nikajituliza, nikasema nitawauliza wenzangu Jumatatu.

Nikawauliza hivi, nakumbuka maneno yenyewe: "Hizi ni za dada yangu. Si zimetoka vizuri?"

Walizitazama. Walipokezana. Nilimwona Odhiambo ameishika ile ya mama, ameisogeza karibu na dirisha, akairudisha mezani polepole. Absalom akasema gauni kama lile hata studio za mjini hazijawahi kulitoa. Wakanipa kilo mbili. Kilo mbili! Haikuwahi kutolewa tangu kikundi kianze. Nilirudi nyumbani nimefura kama andazi kwenye mafuta, nikampa mama picha.

Mama akavaa miwani. Akazipitia moja moja, taratibu. "Na mimi niko wapi?" akauliza.

"Huyo hapo, mama. Kando ya Rebeka."

Akatazama tena. Akanitazama na mimi. Alimwona binti yake amesimama pale, meno nje, akingojea. Basi akazifunga vizuri ndani ya bahasha yake.

"Ni sawa," akasema. "Gauni limetoka."

Naye pia alinionea huruma. Hata yeye. Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini mama hakupata nafasi ya kulia. Ilibaki kwangu.

Kati ya siku ile na kifo chake palikuwa na muda, na hili ndilo linaloniamsha hata leo. Mvua za vuli zilikuja zikaenda. Tulikula Krismasi pamoja. Rinda la samawati lilikuwa pale pale kwenye msumari nyuma ya mlango. Filamu nilikuwa nayo, kamera nilikuwa nayo, jua la Mungu lilikuwa kila siku uani. Mtu mmoja tu angeniambia, "Trufosa, uso wa mama yako hauonekani, nenda umpige tena," ningempiga siku hiyo hiyo. Angekataa kidogo, ningembembeleza, angevaa.

Ugonjwa ulikuja ghafla na haukukaa. Mwaka ulikuwa mchanga bado tulipompoteza.

Wewe wajua desturi yetu watu wa magharibi tunaokaa Nairobi. Mtu wetu hazikwi hapa; husafirishwa nyumbani. Na mbele ya basi la msiba, kwenye kioo, huwekwa picha yake kubwa ndani ya fremu, ili barabara nzima ijue ni nani anayerudi kwao. Makaburini mjukuu huibeba picha hiyo mbele ya jeneza. Kwa hiyo jioni ya kwanza ya matanga shangazi zangu walinigeukia, kwa sababu mimi ndiye mwenye kamera. "Trufosa, tupe picha nzuri ya mama."

Nilimwaga bahasha zote sakafuni. Migongo. Leso. Na harusi ya Rebeka, picha baada ya picha, giza linalocheka.

Tulitumia ile ya kitambulisho. Ilikuwa ndogo kama kidole gumba, ya mwanamke kijana aliyekaza macho kana kwamba ameshikwa akiiba. Ilipokuzwa iligeuka chembechembe. Ndiyo tuliyoiweka kwenye kioo cha basi. Nyumbani, mtoto wa kaka yangu, aliyelelewa kule kijijini lakini akamjua mama vizuri kwa ziara zake, alipopewa aibebe aliitazama akagoma. "Huyu si kukhu," akasema. "Sitaki kubeba mtu mwingine." Walimbembeleza, wakamkemea, akaibeba huku analia. Watu walidhani anamlilia marehemu.

Lakini nimejitangulia. Kabla hatujasafiri, wenzangu wa kikundi walikuja matangani. Walileta sukari na majani ya chai, wakaketi sebuleni wameinamisha vichwa kama inavyotakiwa. Picha za harusi zilikuwa bado kwenye meza. Odhiambo akaiokota ile ile aliyoisogeza dirishani.

"Pole, Trufosa," akasema. "Hiyo kitu tuliiona kitambo."

Nikamuuliza kitu gani.

"Sura. Unapima mwanga ya gauni. Ungekuwa unaenda karibu, unapima kwa uso, halafu ndio unarudi nyuma unapiga." Akafuta pua. "Nilikuwa nataka kukuambia ile siku ya ubatizo."

Hivyo tu. Nenda karibu, pima usoni, rudi nyuma, piga. Maneno ambayo mtu angeyamaliza akifunga kamba ya kiatu. Yalikuwa kwao miezi yote ile, yote, na yalinifikia mama akiwa ndani ya sanduku.

"Mlijua nyote?" nikauliza.

Nikamtazama Absalom. Nadhani alichoka kutazamwa, kwa sababu hatimaye alisema ukweli, huenda kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Tungekuambia aje, sista?" akasema. "Na mzee wako ndiye ako na kifunguo ya holi? Ukinuna, sisi tukutane wapi?"

Ndiyo hiyo, mwanangu. Nilifikiri napendwa. Kumbe makofi yale yalikuwa kodi ya holi.

Hatukujua kwamba baba yuko kwenye korido. Aliingia akiwa na kikombe chake, akakaa. Alikuwa mjane wa siku mbili. Alipoanza kuongea sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Absalom, mimi nimegonga magurudumu tangu wewe hujazaliwa. Sijawahi kugonga gurudumu kwa kulichukia. Nagonga kwa sababu kuna watu watapanda. Kama ningepita kando ya treni nikiipigia makofi, wangekufa wangapi?" Akanywa chai. "Nyinyi mmekaa na mtoto wangu mwaka mzima mkimpigia makofi."

Absalom akaanza kuomba radhi. Baba akainua mkono, akanigeukia mimi.

"Na wewe. Unaingia na picha unauliza, 'si ni nzuri?' Hapo hujauliza mtu chochote. Hapo umepitisha kikapu cha sadaka. Na kikapu kikipita mtu hutia chochote, hata kifungo cha shati, mradi aonekane ametia."

Nilimkasirikia baba. Nilimkasirikia sana, kuliko wale wengine. Nikataka kumwambia kwamba nilishauliza vizuri mara moja, siku ya ubatizo, na nikachekwa. Sikumwambia, kwa sababu ulikuwa msiba wake kuliko wangu. Hata leo nikilala nalibishia neno lile. Nusu ya usiku naona alinionea, nusu nyingine naona aliona sawa.

Tuliporudi kutoka mazishini alimwita Absalom akamkabidhi ufunguo wa holi, akae nao mwenyewe. "Sasa hamna wa kumwogopa," akamwambia.

Unadhani waliacha? Nilirudi kikundini Jumatatu moja tu. Niliweka mezani picha ya jirani niliyoipiga kwa kupima usoni, bado mkono wangu mzito, bado kuna makosa mengine tele, nikasema, "Nionyesheni nimekosea wapi." Wakaangaliana. Nilijua wanaona, maana hata mimi niliona. Na hapakuwa na ufunguo tena wa kusingizia, hapakuwa na baba, hapakuwa na chochote isipokuwa mazoea yao. Absalom akakohoa. Wakanipigia makofi ya kilo.

Nilikusanya vitu vyangu. Odhiambo akanifuata nje, safari hii yeye ndiye aliyenifuata, akasema pale barabarani, "Picha imepinda. Nguzo ya nyuma inamtoka kichwani kama pembe. Na fokasi umeikosa machoni, umeshika sikio." Nikamwambia, "Endelea." Sikumsamehe siku hiyo, wala mwaka huo. Lakini nilimsikiliza, na kila nilichokula kwa kamera tangu hapo nimekila kwa sababu ya mdomo wake. Absalom tukikutana kwenye harusi za watu hunisalimu kwa furaha, nami huitikia. Kuitikia salamu si kusamehe, usije ukachanganya.

Mwaka jana nilimpelekea ile picha ya mama harusini kijana mmoja hodari wa kompyuta. Nimesikia siku hizi wanaweza kila kitu. Akaiongeza mwanga, akaiongeza tena. Giza likawa kijivu, kijivu kikawa cheupe, na ndani yake hamkuwa na mtu. Alinieleza kwa upole kwamba kitu ambacho filamu haikukishika hakiwezi kurudishwa. Nikamshukuru. Huyo angalau alisema.

Basi Faith alikuwa amemaliza chai, na machozi yamekauka. Nikamwambia, na wewe nakuambia.

Ukimwona mwenzako anakosea, mwambie mapema, kazi ingali inaweza kurudiwa. Ukweli unaochelewa ni rambirambi. Mwambie ni wapi na atengeneze vipi, kama alivyonieleza Odhiambo, sio "ni mbaya" halafu unaenda zako. Na ukiweza, mwambie pembeni. Huyo Brayo naye nina maneno yake. Angeweza kumpigia Faith simu badala ya kumwaibisha mbele ya kikundi kizima. Lakini kati ya Brayo mwenye mdomo mkali na wale wote waliorusha moto, mimi namchukua Brayo, namwekea na kiti. Mwenye kukupigia makofi hajakupa kitu, mwanangu. Mikono yake ilikuwa mitupu kabla na ni mitupu baada.

Na ukiwa wewe ndiye mwenye picha, usipitishe kikapu. Uliza umekosea wapi, kisha unyamaze. Usijitetee, usieleze jua lilikuwa wapi na wewe ulikuwa umechoka vipi. Sikiliza hadi mwisho, sema asante, ukalie nyumbani kwako. Na umtafute yule aliyetaka kusema akakatizwa. Huyo ndiye wako. Usikubali akuambie "iko poa" barabarani ukamwachilia aende, kama nilivyoachilia mimi.

Faith aliirudia ile picha kesho yake. Mama mboga alikuwa pale pale, kisu mkononi. Bado yupo, asante Mungu, na sasa mkono wake uko wote. Alimtumia Brayo kwanza, kabla hajarudi kikundini.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akubariki macho na mikono. Akupe watu wa kukupenda, lakini akuwekee kati yao mmoja asiyekuogopa. Na siku utakapomsimamisha mama yako juani, naye amevaa, amekubali, anacheka, mtu huyo awe karibu na wewe akuambie uso wake hauonekani, na wewe umsikie, na mama awe bado amesimama.